Kuingia Mwaloni na Utafiti wa Afya: Mwongozo Kamili wa Kushirikisha Jamii Bila Kuiburuza

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wanafunzi wa uzamili na maafisa wa miradi hapa Mwanza, wanaofanya utafiti kwenye mialo ya Ziwa Victoria (mwalo ni mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga na kushusha samaki), unafanana mno. "Vibali vyote tulikuwa navyo, mtendaji alitupokea vizuri, mkutano ulijaa. Siku ya sampuli wamekuja wachache, na waliokuja hawarudi." Wengine wana shida ya upande wa pili: watu wote wamesaini, lakini ukimuuliza mshiriki anashiriki nini, anakujibu, "Walinipima malaria." Na utafiti wenyewe ulikuwa wa kichocho.

Hizo shida mbili ni moja. Watu waliitwa, wakaambiwa, wakahesabiwa. Hawakushirikishwa.

Kipimo ninachokitumia hakina mzunguko: kama kukutana kwako na jamii hakujabadilisha kitu chochote kwenye mpango wako, ulichofanya ni matangazo. Shika hilo, kisha fuata hatua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda boti

- Cheti cha maadili. Ni cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), au cha kamati ya taasisi yako. Kama yupo mtafiti kutoka nje ya nchi, ongeza kibali cha COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia). Kama unajaribu dawa au chanjo, TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) nao wanahusika.
- Barua za utambulisho za mkoa na halmashauri.
- Karatasi ya taarifa na fomu ya ridhaa kwa Kiswahili cha watu, maandishi makubwa. Zisiwe Kiingereza kilichovalishwa kanzu.
- Vielelezo: bomba la sindano lisilo na sindano, kichupa cha damu, kikopo cha choo, kijiko cha chai, maji safi.
- Wino wa dole gumba.
- Madaftari mawili. Moja la uvumi, jingine la mabadiliko (nitayaeleza).
- Namba ya simu ya mtu wa malalamiko asiyelipwa na mradi, kwa kawaida katibu wa kamati ya maadili.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Usicheke, utaihitaji.
- Bajeti ya mambo manne: nauli za washiriki, vikao vya kamati ya jamii, rufaa za wagonjwa, na mkutano wa kurudisha matokeo. Hili la mwisho ndilo hukatwa kwanza. Kama halimo, rudi kwa mfadhili sasa hivi, kabla hujamwahidi mtu kitu.

## Hatua ya 1: Nenda kasikilize kabla protokali haijafungwa

Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, katika marekebisho ya 2024, linataka jamii ishirikishwe kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Neno "kabla" ndilo watu wengi wanaloliruka. Protokali, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, ikishapitishwa, kila badiliko linahitaji maombi mapya kwa kamati, na hakuna mtafiti mwenye haraka anayetaka maombi mapya.

Keti na mganga mfawidhi wa zahanati, mwenyekiti wa kitongoji, wanawake wawili watatu wanaonunua dagaa, na mvuvi ambaye hana cheo chochote. Uliza maswali ya kawaida: ugonjwa gani unawasumbua, watafiti waliopita waliacha nini, ni saa ngapi watu wanapatikana, jambo gani likifanywa hapa litaleta ugomvi.

Tuseme umepanga kukusanya choo siku tatu mfululizo. Mvuvi atakuambia kwamba usiku yuko ziwani, alfajiri anauza, mchana amelala, na wiki ijayo huenda kambi imehamia kisiwa kingine. Hiyo ni habari ya bure. Ingekugharimu nusu ya washiriki.

Tahadhari: haya ni mazungumzo tu. Usirekodi majibu kama data, usipime mtu, usichukue hata tone la mkojo. Hujapata cheti.

Umefanikiwa ikiwa: kuna angalau kifungu kimoja cha protokali ambacho hakikutoka mezani kwako. Kiandike kwenye daftari la mabadiliko: nani alisema, nini kilibadilika.

## Hatua ya 2: Barua zishuke ngazi kwa ngazi

Ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji au mtaa, mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka ngazi, ngazi uliyoiruka itakukumbuka siku mbaya.

Ila barua yenye mhuri ina sumu yake. Inapofika kijijini inasomeka kama amri. Nimeona matangazo ya "kila kaya itoe mtu mmoja" yakisomwa kwa sauti ileile ya kuchangisha ujenzi wa madarasa. Hapo hiari imekwisha kabla hujashuka kwenye gari.

Dawa yake ni ndogo. Omba halmashauri iweke ndani ya barua yenyewe sentensi hii: *Kushiriki ni hiari, asiyeshiriki hatapoteza huduma wala haki yoyote.* Na mtendaji anapokutambulisha, muombe aisome mwenyewe. Ikitoka kinywani mwake ina uzito kuliko ikitoka kwako.

## Hatua ya 3: Chora ramani ya watu, siyo ya nyumba

Hapa ndipo miradi mingi inapozama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Tazama siku moja ya mwalo wa dagaa. Alfajiri mitumbwi inarudi. Wanawake wako majini hadi magotini na ndoo na mabeseni, wanapigania bei. Jua likitoka dagaa wanaanikwa kwenye mchanga, mawe au chanja, na lazima wageuzwe, na ndege wafukuzwe. Wavuvi wanakula kwa mama lishe, wanashona nyavu, wanalala. Jioni taa zinapakiwa, wanaondoka.

Sasa wewe umeitisha mkutano saa 4 asubuhi kwenye ofisi ya kijiji. Nani atakuja? Wenyeviti, wazee wawili, vijana wasio na kazi siku hiyo. Kisha ripoti inaandikwa kwamba "jamii imeridhia". Wanaoingia majini kila siku, ambao ndio utafiti wako unawahusu, walikuwa wanageuza dagaa.

Chukua karatasi, gawa makundi haya, na kila kundi liandikie saa na mahali linapopatikana:

Wenye sauti rasmi. Mtendaji, wenyeviti, diwani, viongozi wa BMU (kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi wa mwalo), walimu, wachungaji na masheikh.

Matajiri. Yaani wenye mitumbwi, injini na nyavu. Tajiri akisema neno, kambi nzima inasikia. Ni msaada mkubwa na ni hatari kubwa. Nitarudi kwake kwenye hatua ya 6.

Wasioitwa mikutanoni. Vibarua wa mitumbwi waliotoka mikoa mingine, wanawake wa dagaa, mama lishe, wahudumu wa baa na gesti, wapangaji wa muda. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, lakini mtu wa kambi aliyekuja mwezi uliopita hajihesabu mkazi, na mwenyekiti naye hamhesabu.

Wanaoaminiwa bila cheo. Mkunga wa jadi, mganga wa tiba asili, mzee wa ukoo, fundi injini ambaye kila mtu hupita kwake. Waulize watu: mtoto akiugua usiku, unamgongea nani kwanza?

Usisahau lugha. Upande wa nchi kavu ni Kisukuma kwa wingi. Ukivuka kwenda Ukerewe kuna Kikerewe na Kijita, Ukara kuna Kikara, kuelekea visiwa vya Kome na Maisome kuna Kizinza. Kambi zenyewe zimechanganyika, na Kiswahili kinatumika, ila mama mtu mzima anayeitikia "ndiyo" kwa Kiswahili huenda anakuheshimu tu.

Sasa ile kalenda ya mwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika. Ni nafasi yako ya kuwapata wameamka mchana. Lakini uliza kwanza, maana wapo wanaotumia siku hizohizo kwenda kwao kusalimia.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kutaja kundi gani halitafika kwenye mkutano wako mkubwa, na umeshapanga kulifuata lilipo.

## Hatua ya 4: Unda kamati ya ushauri ya jamii yenye meno

Watu kumi hivi wanatosha. Kila kundi la ramani lipendekeze mtu wake. Usimwachie mtendaji orodha nzima, atakuletea kamati yake ya kawaida. Wanawake wa dagaa wachague wao wenyewe, wakiwa palepale kwenye chanja.

Kazi ya kamati ni kusoma fomu zako na kukuambia pasipoeleweka, kukuletea manung'uniko, na kukwambia "hapa simama". Iandike hiyo ya mwisho kwenye hadidu za rejea. Kamati isiyoweza kusema simama ni kwaya ya mradi.

Tahadhari: usiwalipe kwa idadi ya watu wanaoleta. Mjumbe anayepata pesa kwa kila kichwa amegeuka dalali. Walipe posho ya kikao na nauli, viwango vijulikane, vipitishwe na kamati ya maadili. (Fulana za mradi nazo zinataka akili. Mjumbe aliyevaa nembo yako kifuani ataletewa malalamiko na nani?)

## Hatua ya 5: Mkutano

Fanya mikutano midogo mitatu au minne mahali watu walipo, halafu ule mkubwa. Kwenye ule mkubwa mwanamke hatauliza habari za damu ya hedhi mbele ya baba mkwe wake.

Zungumza kwa ufupi. Sema wewe ni nani, nani anatoa pesa, unatafuta kujua nini, utachukua nini mwilini mwa mtu, hatari ni ipi, faida ni ipi na kama hakuna faida ya moja kwa moja sema hivyo. Kisha nyamaza. Robo tatu ya muda ni wa maswali.

Maswali matatu yatakuja, kwa maneno yoyote yale. Jiandae.

*"Damu yetu inakwenda wapi?"* Hofu ya mumiani, wanaosemwa kunyonya damu za watu, haijafa; siku hizi imebadilisha jina tu, inaitwa Freemason. Usiicheke. Toa bomba la sindano, vuta mililita 5 za maji mbele yao, yamimine kwenye kijiko cha chai. Kinajaa kimoja. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Mwite mtu asiyekuamini aje amimine mwenyewe. Halafu eleza safari: kichupa, sanduku la barafu, maabara gani, kinahifadhiwa muda gani, kinateketezwaje. Kama sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, sema leo, na kwenye fomu hilo liwe na kisanduku chake, pekee. (Tumia maji meupe. Ukitia rangi nyekundu ili ipendeze, picha itakuwa kwenye WhatsApp kabla ya magharibi.)

*"Nyie mnalipwa shilingi ngapi?"* Jibu kwa ukweli kwamba ni ajira na mnalipwa mshahara. Anayeuliza anajua.

*"Mkiondoka, tutabaki na nini?"* Jibu lake usilitunge mkutanoni. Litoke kwenye bajeti. Kama hakuna kitakachobaki zaidi ya matokeo, sema ni matokeo. Zahanati mpya usiyoijenga itamsubiri mtafiti atakayekuja baada yako.

Kama kuna kupangwa kwa bahati nasibu, vijiji vingine vianze na vingine visubiri, chezesha vikaratasi hadharani, wawakilishi wa vijiji wachote kwa mikono yao. Mkisema kompyuta imechagua, watu wataelewa kwamba mkubwa amechagua.

Umefanikiwa ikiwa: mtu amebisha. Mkutano ulioisha kwa makofi bila swali gumu, urudie kwa vikundi vidogo.

## Hatua ya 6: Ridhaa ya mtu mmoja mmoja

Ndiyo ya kijiji hufungua mlango tu. Azimio la Helsinki liko wazi: unaweza kushauriana na familia au viongozi, lakini mtu mwenye uwezo wa kuamua haingizwi kwenye utafiti bila yeye mwenyewe kukubali.

Mpe karatasi ya taarifa leo, ridhaa ichukuliwe kesho. Usiku mmoja unamtosha kumuuliza anayemwamini. Asiyesoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa mradi, kisha aweke dole gumba, shahidi asaini.

Kabla ya dole gumba, jaribu hivi:

"Dada, ukifika nyumbani wakakuuliza hawa watu wanafanya nini, utawajibuje?"

"Wanatibu kichocho."

Simama hapo. Amechukua utafiti kama tiba. Usimsahihishe kwa ukali, na usisome fomu upya kutoka mwanzo. Mwambie: "Tiba ya kichocho haitegemei utafiti huu; ukikataa bado utaipata zahanati. Sisi tunatafuta jambo ambalo bado hatulijui." Halafu muulize tena. Na kabla hujasema hivyo, hakikisha dawa ipo kweli zahanati. Kama haipo, mtu huyu hana hiari: anachagua kati ya wewe na minyoo. Iweke dawa kwanza.

Muulize pia: "Ukitaka kuacha katikati, utafanya nini?" Akijibu "nitaomba ruhusa", hajaelewa.

Sasa tajiri. Atakuambia, "Hawa vijana wangu, wote kumi na wawili, waandike." Mshukuru, na usiandike hata mmoja. Kibarua aliyekopeshwa chakula na tajiri hawezi kukataa mbele yake. Zungumza na kila mmoja peke yake, mbali na mtumbwi, na usimwambie tajiri nani alikubali na nani alikataa. Hata ufuatiliaji usifanyike kupitia simu ya tajiri.

Kambini utamkuta pia kijana wa miaka 15 au 16 anayevua, wazazi wako mbali. Yupo chini ya miaka 18. Ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe akubali pia. Tajiri si mlezi kwa sababu tu anamlisha. Usimtafutie mjomba wa kubuni. Peleka suala kwa kamati ya maadili kabla ya kuanza, na kama hawajakupa njia, kijana huyo haingii.

Umefanikiwa ikiwa: kuna waliokataa. Orodha isiyo na mkataaji hata mmoja inanitia shaka kuliko orodha fupi.

## Hatua ya 7: Pesa

Rudisha nauli halisi, pamoja na ya boti. Fidia muda kwa kiwango kimoja kwa wote, kilichopitishwa na kamati ya maadili. Lipa hata kama sampuli imeshindikana; ukilipa kwa kichupa, umenunua damu, na mtaani ndivyo itakavyosemwa.

Kiwango kikizidi, watu watajiandikisha mara mbili na kuficha dalili. Kikipungua, mama aliyeacha dagaa bila mtu wa kuwageuza amekuchangia wewe. Uliza kamati ya jamii asubuhi moja inagharimu nini.

## Hatua ya 8: Daftari la uvumi

Kila mjumbe na kila msaidizi aandike anachosikia: tarehe, mahali, maneno yenyewe. Bila majina. Soma kila wiki.

Uvumi mwingi una kitu kilichoonekana. Gari limeondoka usiku na sanduku la barafu. Vichupa vimebaki kumi, jana vilikuwa ishirini. Rekebisha kinachoonekana kwanza: ondokeni mchana, hesabuni vichupa mbele ya mjumbe. Kisha chukua wajumbe wawili wafuatane na sanduku hadi maabara mjini, waone linafunguliwa, warudi wasimulie wenyewe. Kipaza sauti hakifikii hapo.

## Hatua ya 9: Ukikuta ugonjwa

Amua mapema nani atapewa nini. Kwa kichocho, prazikuanteli hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, baada ya kula. Waambie kabla kwamba kichefuchefu na tumbo kuuma hutokea. Wasipoambiwa, mtoto mmoja akitapika shuleni siku yako imeisha. Waambie pia kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa, na akirudi ziwani anaweza kuambukizwa tena.

Majibu ya VVU ni ya mwenye nayo. Si ya mume, si ya tajiri, si ya mwenyekiti.

Mgonjwa wa rufaa kutoka kisiwani: andika kwenye protokali nani analipa boti, nani anaita, na kama ziwa limechafuka mnasubiri wapi.

## Hatua ya 10: Rudisha matokeo

Wahusika waanze, magazeti na mikutano ya kimataifa baadaye. Anza na kamati ya jamii, wakuonyeshe sentensi itakayoumiza. "Maambukizi ni makubwa kwenye mwalo fulani" inawafungia wanawake wa mwalo huo soko na ndoa. Kambi ndogo hutambulika hata ukificha jina, kwa hiyo unganisha takwimu za maeneo kadhaa. Picha za sura za watu usitumie bila ridhaa yake ya pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.

Rudi saa zilezile na mahali palepale ulipofanyia mikutano midogo. Waliohama kambi watumie ujumbe mfupi usiotaja ugonjwa. Leta daftari la mabadiliko, lisome: mlituambia hivi, tukabadilisha hivi, mlituambia na hili, hatukubadilisha, kwa sababu hii. Sehemu hii ya mwisho ndiyo watu huisikiliza zaidi.

Acha nakala ya ukurasa mmoja zahanati na nyingine kwenye ubao wa kitongoji, iliyotiwa plastiki. Simu ya malalamiko ipokelewe hadi tarehe iliyoandikwa kwenye fomu. Kama mradi nao una simu yake, na laini imesajiliwa kwa jina la msaidizi ambaye mkataba wake unaisha, ihamishe kabla hajaondoka.